Shemeji Hakimbii

Karata nikicheza na watu wengi nina amani. Zikija mbaya ninazilaza, ninatafuna karanga, ninawaangalia wenzangu wakiumizana. Poka ya watu wawili haina huruma hiyo. Kila zinapogawiwa, mmoja anatoa dau dogo na mwenzake dau kubwa kabla hajaona alichopewa. Ukisema utulie usubiri karata nzuri, utasubiri huku unaliwa punje moja moja hadi kikombe kibaki kitupu.

Ninasema punje kwa sababu tunachezea maharage. Kila harage ni franka mia, na gunia limetoka jikoni kwangu. Hilo mke wangu atalizungumzia kwa wakati wake.

Hapa Lubutu tumebaki wawili tu. Wenzetu tuliokuwa tunacheza nao wamefuata madini ya kasiterite, huyu Punia, yule Walikale, na wanarudi sikukuu kwa sikukuu. Aliyebaki ni shemeji, kaka wa mke wangu, shofere wa kamio iliyovunjika ekseli kwenye barabara ya Kisangani. Piesi imeagizwa. Inakuja. Kila asubuhi inakuja. Wahenga wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe, nami nilimpa. Alilima mstari mmoja wa mihogo, akanawa mikono, akatoa karata mfukoni.

Sasa sikilizeni dhuluma yenyewe. Katika poka hii kila mtu ana karata mbili zake za siri, kisha zinafunuliwa tatu mezani, za wote. Hizo tatu ndizo flopu; baadaye zinafuata ya nne na ya tano. Ukiwa na karata mbili zisizofanana, flopu itakukosa karibu mara mbili katika kila mara tatu. Waliopiga hesabu wanasema asilimia 68 hivi. Ukikosa, huna hata jozi. Una asi na mfalme mkononi, wakubwa wawili wasio na kazi.

Mabingwa wa Marekani wanasema usihuzunike, maana mwenzako ni mmoja tu, na yeye pia amekosa mara mbili katika tatu. Kwa hiyo mtishe. Mezani kuna maharage kumi na mawili, wewe sukuma sita kwa uso mkavu. Akikimbia mara moja tu katika tatu, hujapata hasara. Akikimbia kila anapokosa, utamla mpaka aombe nauli. Hesabu ni safi kabisa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba waliopiga hesabu hiyo hawajawahi kukaa na shemeji.

Juzi nilikuwa na asi na mfalme. Flopu ikaja nane, tano, mbili. Nikasukuma sita. Akalipa. Ikafunuliwa ya nne, malkia; nikasukuma kumi na mawili, nikakunja uso kama hakimu. Akalipa huku anachokonoa meno. Ya tano ikawa tisa. Nikasukuma kikombe chote. Akalipa, akafunua sita na mbili. Jozi ya mbili! Mtu mzima, baba wa watoto, amelipa kikombe kizima kwa jozi ndogo kuliko zote zilizomo kwenye karata.

“Shemeji, uliona nini ukalipa?”

“Sikuona kitu, shemeji. Ndiyo maana nililipa, nione.”

Mwaka 2003 kule Las Vegas walibaki wawili kwenye mashindano makubwa ya poka duniani. Mmoja ni Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia kupitia shindano dogo la intaneti kwa dola 86. Wa pili ni Sam Farha, mchezaji mzoefu. Kwenye mgao mmoja Moneymaker alikosa kila kitu, mezani wala mkononi hana hata jozi, akasukuma fedha zake zote. Farha alikuwa na jozi ya tisa, na tisa ndiyo iliyokuwa karata kubwa kuliko zote mezani. Akafikiri, akafikiri tena, akazilaza. Mhasibu akaenda nyumbani na dola milioni 2.5. Watu wanasema alikuwa shujaa. Mimi ninasema alikuwa na bahati ya kukaa mbele ya mtu anayefikiri. Angemkuta shemeji angerudi kwenye vitabu vyake vya hesabu Jumatatu asubuhi.

Halafu kuna karata zenyewe. Vitabu vya poka vinadhani migongo yote hamsini na miwili inafanana. Hizi zetu, asi ya kopa ina doa la mawese kubwa kama kidole gumba, na malkia wa uru panya amemla pembe. Nikishika asi ya kopa, shemeji anajua kabla yangu. Nisipoishika, anajua pia. Nimtishie nini?

Basi nikabadilisha dawa. Mtu anayelipa kila kitu hatishwi; anangojewa. Nikatulia usiku mzima, ninazilaza, ninapoteza dau dogo dogo, taa ya sola inafifia, mke wangu anakohoa chumbani kikohozi kisicho cha mafua. Hatimaye nikapata tisa mbili. Flopu: tisa, tisa, mfalme. Tisa zote nne ni zangu! Nikasukuma maharage mawili tu, taratibu, ili nisimshtue.

Shemeji akanitazama. Akaweka kijiti cha meno chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu afike kwangu. Akazilaza karata zake.

“Wewe? Unakimbia?”

“Shemeji, ukikosa unakunja uso. Leo umeniuliza kama nimeshiba.”

Nikavuta yaliyokuwa mezani. Maharage manne, na moja lilikuwa limetobolewa na mdudu.

Piesi inakuja kesho.