Heshima kwa Flashi Kuukuu

Pamba ya Bariadi ina wa kuisifu, ng'ombe wa Meatu nao wanao, na mkoa wa Simiyu tangu uanzishwe mwaka 2012 haujapungukiwa na wasemaji wa majukwaani. Aliyesahaulika ni mmoja tu: flashi kuukuu ya kamera. Ile nene, nyeusi, mlango wake wa betri umefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, inayolala kwenye droo ya studio chini ya picha za pasipoti ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Leo naisifu mimi, tena bila kulipwa.

Sifa yake ya kwanza ni ukali. Unaitia betri nne ndogo za dukani, jumla volti 6, yenyewe inazikuza hadi volti 300 hivi na kuziweka ndani ya kapasita. Mali yote hiyo kwa bei ya betri nne! Baadhi ya hizi za zamani hazikuona haja ya kuficha utajiri huo. Sehemu kubwa ya volti zile hushuka hadi kwenye kile kitako cha chuma kinachochomekwa juu ya kamera. Enzi za filamu halikuwa neno. Shata ilipofunguka, vyuma viwili viligusana, flashi ikalipuka, na chuma hakikulalamika. Kwenye kamera ya dijitali kazi hiyo inafanywa na swichi ndogo ya kielektroniki, nayo ina mpaka wa uvumilivu wake. Vitabu vya kamera nyingi za Nikon vinaweka mpaka huo kwenye volti 250. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 1992, ISO 10330, kinataja 24. Baadhi ya kamera za mwanzo za dijitali za Canon zilikomea 6. Ndiyo maana flashi ileile itakaa kwa amani juu ya kamera ya jirani, halafu ikaiua ya kwako kabla keki haijakatwa.

Basi ni mzee wa kuamkiwa kwanza, na shikamoo yake ni multimita. Tia betri mpya, iwashe, subiri kile kitaa cha utayari kiwake. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo kinachozidi 300. Waya mwekundu uguse kile kidoti cha katikati chini ya kitako, mweusi uguse chuma cha pembeni, halafu tulia mpaka namba itulie. Mita ya dijitali ndiyo ya kuaminika hapa. Ile ya mshale ya bei rahisi huweza kuivuta volti chini na kukusomea namba ya kukuliwaza. Ikitokea alama ya kutoa, maana yake chanya na hasi zimebadilishana. Hiyo isikanyage kamera yako hata kama namba ni ndogo.

Usidanganyike na jina. Vivitar 283, flashi iliyozunguka dunia nzima tangu miaka ya 1970, ina za mwanzo zilizotengenezwa Japani zinazopima zaidi ya volti 200, na za baadaye zisizofika 10. Umbo ni lilelile, maandishi yaleyale.

Sifa ya pili ni ujinga wake, nao umesomesha wengi. Flashi ya leo inazungumza na kamera, zinakubaliana, mpiga picha anabaki kubonyeza. Kuukuu haijui kamera yako ni ya nani. Inakulazimisha kupiga hesabu: nguvu ya 283 ni mita 36 kwa ISO 100, kwa hiyo maharusi wakisimama mita 4.5, gawanya, unapata 8, na hiyo ndiyo f yako. Kamera iwe kwenye M. Shata isipite 1/200, au ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha kamera yako, maana ukizidisha, pazia la shata linaingia kwenye picha na bwana harusi anatoka nusu, nusu nyingine ni giza.

Na inakufundisha adabu ya turubai. Waliosoma mbinu za mijini huinua kichwa cha flashi mwanga ugonge dari na kurudi taratibu. Sendoff zetu nyingi dari lake ni turubai, na turubai likiwa la bluu, bibi harusi naye anakuwa wa bluu, pamoja na mama yake mzazi. Afadhali uielekeze usoni, upunguze makali kwa kitambaa cheupe.

Mchana wa jua ndipo inapong'ara. Pale Nyakabindi, sherehe za Nanenane zilipofanyika kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, Agosti kavu, jua la saa saba linazamisha macho ya kila mwenye kofia. Mlipuko mmoja wa flashi unayatoa macho hayo gizani.

Kwa mwenye volti nyingi, njia ya amani ni triga ya redio. Kitumaji kidogo kinakaa juu ya kamera, flashi inakaa kwenye stendi na kipokeaji chake, na volti zote zinaishia huko, ilimradi kitabu cha kipokeaji kinasema kinazistahimili. Kuna pia lile jicho linalolipua flashi likiona mwanga wa flashi nyingine. Kwenye harusi jicho hilo ni mkarimu mno: kila mjomba mwenye kamera yenye flashi anaitumia flashi yako, na betri zimekwisha kabla ya zawadi kuanza.

Wala isifunguliwe na kijana mwenye bisibisi. Kapasita hubaki na chaji hata ukizima na kutoa betri, na haichagui kati ya fundi na mdadisi.

Wewe uliyerithi moja, fundi umeme wa mtaani kwenu ana mita. Mwombe dakika tano kabla ya harusi ya Jumamosi. Ukimkosa, iache kwenye droo.