Amebaki Mmoja

Pesa za chama cha ukweni zilipungua shilingi 2,700. Kikao kilikuwa Nkubu, Meru, chini ya mparachichi wa baba mkwe, na muda mfupi kabla ya hapo watu wote walikuwa wanapendana. Sasa mweka hazina anatazamwa kama kuku aliyeonekana akitoka jikoni. Mimi, mkwe kutoka Runyenjes, Embu, nikaitazama chai yangu. Ukweni mtu huhesabu maneno yake, si pesa za wenyewe.

Baba mkwe, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliuliza swali moja: hizo 2,700 zinagawanyika kwa tisa? Zinagawanyika. "Basi hakuna mwizi. Tafuteni tarakimu mbili zilizobadilishana viti."

Wahasibu wanaujua ujanja huu. Ukipindua tarakimu mbili, tofauti itakayotokea lazima igawanyike kwa tisa. Tena inakuonyesha pa kuchimba: 2,700 ni 900 mara tatu, kwa hiyo huenda zilizobadilishana ni ya maelfu na ya mamia, na moja imeizidi nyingine kwa tatu. Daftari likapekuliwa. Mchango wa 14,700 ulikuwa umeandikwa 17,400. Mweka hazina akapumua. Aliyependekeza polisi akaomba aongezewe mandazi. (Mwizi mwenye akili ataiba kwa mafungu ya tisa, lakini hilo sikulisema ukweni.)

Shida ya mwalimu mstaafu ni kwamba akishapigiwa makofi haketi. Akahamia kwenye sensa ya 2019. Kaunti ya Meru: watu 1,545,714. Jumlisha tarakimu, unapata 27, yaani tisa mara tatu. Kumi ukiigawanya kwa tisa hubaki moja, mia hivyo hivyo, hata milioni, ndiyo maana tarakimu zenyewe zinatosha kutoa ushahidi. Kwa hiyo Meru nzima inaweza kukaa makundi tisa ya watu 171,746 na asibaki mtu amesimama. Na Wameru, akakumbusha, wana jamii tisa! Akaanza kuzitaja: Igembe, Tigania, Imenti, Miutini, Igoji... Alipofika Mwimbi, Muthambi, Chuka na Tharaka, shangazi mmoja akauliza kama hao hawakuhesabiwa Tharaka Nithi. Mzee akawa kiziwi ghafla.

"Sasa tuje Embu," akanigeukia. Watu 608,599. Tarakimu zinatoa 37, ukijumlisha tena 10, ukijumlisha tena 1. "Ukigawanya kwa tisa, anabaki mmoja."

Kikao kizima kikanitazama. Tangu siku hiyo watoto wa boma lile hawajui jina langu. Mimi ni Baki.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, akipita na birika. "Watu tisa wakigawana mbuzi," akasema, "si lazima awepo wa kumi wa kushika kisu?"

Mzee alinyamaza, kisha akaagiza kalamu na karatasi. Mpaka giza linaingia alikuwa bado anatafuta kaunti inayobakiza watu wanane.