Nimelipa Kiingilio cha Gereza

Mwenyeji wako Ulaya akikuambia "twende tukatembee kidogo," muulize kwanza kama huko kuna ngazi. Shemeji yangu anayeishi Tours, Ufaransa, alinipeleka Loches, mji mdogo wenye ngome ya kale. Mimi nikategemea mazulia mekundu na vitanda vya kifalme. Kumbe naenda kuona gereza, tena kwa kiingilio.

Mnara mkuu ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 11 na Foulques Nerra, mtawala wa Anjou, aliyekuwa na ugomvi usiokwisha na majirani zake wa Blois. Mtaani kwetu watu wakikosana na jirani huinua ukuta na kupanga vipande vya chupa juu yake, yakaisha. Huyu bwana akapandisha jengo la mita 36! Sakafu zake hazipo siku nyingi, kwa hiyo unapanda ngazi za chuma, na ukichungulia chini unaona utupu. "Shem, hebu tazama unene wa kuta!" Shemeji ananiita kutoka juu. Kuta nizitazame saa ngapi, nami nimeshikilia chuma kwa mikono miwili?

Baadaye wafalme wa Ufaransa wakageuza sehemu hiyo kuwa jela, na kazi hiyo ikaendelea hadi 1926. Mfungwa aliyenigusa ni Ludovico Sforza, aliyekuwa mtawala wa Milan. Huyu ndiye aliyempa Leonardo da Vinci kazi ya kuchora Karamu ya Mwisho. Wafaransa wakamkamata 1500, na hatimaye akafikishwa Loches. Kuta za chumba alimofungiwa bado zina rangi na michoro aliyoichora yeye. Dunia hii! Jana unamwagiza Leonardo, leo unashika brashi mwenyewe.

Lakini Sforza alisafirishwa, akalazwa na kulishwa kwa gharama za mfalme. Mimi nauli yangu, kiingilio changu, na njaa yangu.

Nikaomba tukale. Shemeji akasema bado makazi ya kifalme, nayo yako ncha ya pili ya ngome. Huko, mwaka 1429, Jeanne d'Arc alimfuata Charles VII kumhimiza aende Reims kutawazwa, na mfalme akaenda. Binti wa kijijini alimsogeza mfalme mzima. Mimi kumsogeza shemeji hadi mgahawani nimeshindwa.

Tulipofika mgahawani huko chini, saa nane mchana imeshapita. Mhudumu akatabasamu vizuri kabisa, akasema jiko limefungwa. Kahawa ipo.

Msomaji, manung'uniko yangu yasikuzuie. Nenda Loches, mnara ule hauna mfano. Ila kula kabla ya saa nane, na ukiambiwa "ngazi chache tu," omba idadi.