Mtoto Hana Habari na Siku 84

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84. Akijaliwa mapacha, zinafika 100. Baba naye hakusahaulika: kiwango chake cha chini ni siku 3. Siku 3! Zangu zilikwisha kwa kutafuta beseni, kupokea wageni na kugombana na fundi aliyeapa kwamba dirisha la chumbani lingekuwa tayari kabla mtoto hajazaliwa. Nilipoanza kuizoea sura ya mwanangu, kazini wakawa wananiuliza niko wapi.

Siku 84 ni wiki 12, na wiki zenyewe, nisiseme uongo, zilipita salama. Mtoto mchanga hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, ila usingizi wake anautoa kwa rejareja. Wa kwetu alilala, akanyonya, akalala. Mwezi wa tatu akaanza kuunganisha saa nyingi za usiku, nami nikawa napita mitaa ya Igogo, hapa Mwanza, kifua mbele, nikiwashangaa wazazi wenye macho mekundu.

Likizo ikaisha, mama yake akarudi kazini, mtoto akatimiza miezi minne, usiku ukavurugika. Nesi wa kliniki alitufafanulia huku akiendelea kupima uzito wa watoto wengine: umri huu usingizi unabadilika mpangilio. Sasa mtoto anapita kwenye usingizi mwepesi, anaingia mzito, anarudi mwepesi, na kila mzunguko ukiisha anaibuka kidogo. Mtu mzima akiibuka anageuza mto na kuendelea. Mtoto akiibuka anamtafuta yule aliyemlaza, akimkosa anaita. "Haumwi, baba. Anakua," akasema, akaita kadi inayofuata.

Naomba mnionyeshe aliyepanga kalenda hii. Wiki ya 12 mama anarejea ofisini. Wiki ya 16 hivi mtoto anavunja mkataba wa usiku. Yaani likizo inakwisha pale hasa inapoanza kuhitajika.

Mtaani, lakini, hakuna anayekubali kwamba mtoto anakua tu. Kila mtu ana tiba. Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba anasema tumpe uji mwepesi ashibe, wakati kliniki wanasisitiza maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Jirani wa juu anasema ni kijicho, tumfunge uzi mweusi. Kijana wa bodaboda, ambaye hajaoa wala kuchumbia, anasema tunamdekeza. Mwenzangu kazini amenitumia ratiba ya usingizi kutoka Ulaya, inayotaka mtoto awe na chumba chake na mapazia mazito. Sisi tunaishi chumba na sebule mlimani. Ili mtoto apate chumba chake, kwanza tulipue mwamba.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Sengerema. Zamani safari hiyo ilikuwa na foleni ya kivuko pale Kigongo, na mkwe ulipata muda wa kufagia na kutafuta kuku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, akipiga simu kusema anatoka, wewe toka umpokee. Nashukuru kwa moyo wote, maana mchana anambeba mjukuu na sisi tunakwenda kazini. Lakini analala sebuleni, na sebuleni ndiko ninakozungukia na mtoto usiku. Mkwe hawezi kupita mbele ya mama mkwe na singlendi. Kwa hiyo saa tisa usiku, mtoto analia, mimi nafunga vifungo vya shati na kutafuta mkanda. Nikitokeza, yeye ananisalimia "Mwangaluka" kama kumekucha. Naitikia kwa adabu. Nitafanyaje?

Dirishani naziona taa za mitumbwi ya dagaa ziwani. Watu husema wale wana kazi ngumu, na ni kweli. Lakini mwezi ukikomaa taa zao hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanatengeneza nyavu na kulala majumbani mwao. Mtoto wangu mbalamwezi haimhusu.

Cha ajabu, usingizi anao. Mpandishe daladala ya Buhongwa, konda anapiga bodi, muziki unatikisa viti, abiria wanagombania chenji: anakoroma. Mrudishe nyumbani, palipo kimya kabisa, kifundo changu cha mguu kikilia kidogo tu anafungua macho mawili.

Tunachofanya ni kile alichosema nesi. Mchana tunafungua mapazia, anaona mwanga na kusikia kelele za watu. Jioni mpangilio ni uleule: kuoga, kunyonya, kubembelezwa, kisha kulazwa chali kabla usingizi haujamkolea. Usiku taa hafifu, hakuna mazungumzo wala michezo. Siku nyingine mpangilio huo unafanya kazi. Siku nyingine anatutazama tu, anasubiri tumalize.

Basi, enyi majirani, mama wa Mwaloni na kijana wa bodaboda, ushauri tumeshiba. Mtoto huyu anahitaji mikono, na wazazi wake wanahitaji zamu. Mwenye nia ya kusaidia aje saa nane usiku, abishe hodi, ampokee azunguke naye mpaka saa kumi na moja. Uji wake abaki nao, atakunywa mwenyewe akichoka. Na avae vizuri, maana mama mkwe atakuwa macho.