Mitende ya Leipzig

Katika mlima wetu wa Kilimanjaro dini ya mtu aghalabu hufuata kilima alikozaliwa: aliyezaliwa Kilema au Kibosho hubatizwa Mkatoliki, na aliyezaliwa Machame, Mamba au Old Moshi huwa Mlutheri kabla hajajua kutambaa. Nami, niliyeangukia upande wa Walutheri, nililelewa katika itikadi moja iliyokuwa na nguvu sawasawa na katekisimu yenyewe, nayo ni kwamba kupamba kanisa ni shughuli ya majirani. Wao walikuwa na sanamu, vioo vya rangi na ubani. Sisi tulikuwa na chokaa, mabenchi yasiyo na huruma, na saa ya ukutani iliyotazamwa kuliko mhubiri. Tulipomuuliza mwalimu wetu wa kipaimara sababu ya ukata huo, alijibu kwa taadhima kuu kwamba wamisionari walioanza kazi Machame mwaka 1893 walitoka Leipzig, na huko Leipzig, alisema mtu huyu ambaye hakuwahi kuvuka hata Mto Pangani, anasa za namna hiyo hazijulikani.

Miaka mingi baadaye nikajaliwa kwenda Leipzig pamoja na ujumbe mdogo wa usharika, katika mwezi wa Januari, na juu yangu ikawekwa dhamana ya kumwongoza mzee wa kanisa mmoja kutoka Kidia, mpuliza tarumbeta wa zamani, ambaye nyumbani kijana akithubutu kuingia ibadani na kofia humvua kwa kofi. Wenyeji walikuwa wamemwazima koti nene lenye kofia iliyoshonwa pamoja nalo, na zipu iliyopanda kutoka magotini hadi kidevuni. Tulipofika mlangoni pa Kanisa la Mtakatifu Nikolai, zipu hiyo ikakwama, na kofia, kwa kuwa ilishikwa na zipu iyo hiyo, ikakataa katakata kushuka. Mzee akavuta, nikavuta, mama mmoja mpita njia akatuhurumia naye akavuta, wala pasitokee faida. Basi akaingia katika nyumba ya Mungu kichwa kimefunikwa, masharubu tu yakionekana, akipita upesi upesi kama mtu anayekatiza mbele ya duka analodaiwa.

Kisha akainua macho, akasahau koti.

Nguzo za kanisa lile ni nyeupe, zenye michirizi iliyochongwa tangu chini hadi juu, na kila moja inapokaribia dari huchanua ikawa mtende, makuti yake ya kijani kilichofifia yakitandazwa chini ya dari ya rangi ya waridi iliyonakshiwa miraba miraba, hata aliyesimama katikati hudhani yumo shambani mwa tende na wala si mjini penye theluji. Kiongozi wetu akaeleza kwamba kanisa lilianza kujengwa yapata mwaka 1165, ila mapambo haya ni kazi ya msanifu Johann Carl Friedrich Dauthe, kati ya mwaka 1784 na 1797, na picha zilichorwa na Adam Friedrich Oeser. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Siku ile wamisionari walipofika Machame, mitende hii ilikuwa imekwisha kusimama kwao kwa karibu miaka 100! Wao siwalaumu, maana hawakuahidi kubeba nguzo. Namlaumu mwalimu wa kipaimara, Mungu amrehemu.

"Mbe," mzee akaninong'oneza kwa sauti iliyofika madhabahuni, "kwa nini hawakuweka migomba?"

Nikamjibu kwamba mgomba hauoti Ujerumani.

"Na mtende waota?"

Kabla sijapata jawabu, fundi mmoja aliyekuwa akijizoeza ghorofani akakigusa kile kinanda kikuu kilichoundwa na Friedrich Ladegast mwaka 1862, na sauti ikashuka kwa kishindo cha ghafla, mzee akaruka, na zipu iliyotushinda watu watatu ikafunguka yenyewe mpaka chini. Akabaki kichwa wazi, mikono nyuma, akisikiliza kwa uchungu wa mpuliza tarumbeta aliyeona amezidiwa. Kiongozi akasema kwamba humu ndimo Mateso ya Yohana ya Bach yalimoimbwa kwa mara ya kwanza, Ijumaa Kuu ya mwaka 1724. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akauliza, "Na mnada mnafanyia wapi?"

Ikanibidi nifafanue kwamba kwetu, ibada ikiisha, mayai, kuku na mikungu ya ndizi yaliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa, na kuku hodari huweza kununuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, hata akalipia mabati kadhaa kabla ya kuchinjwa. Kiongozi akasema kwamba kwao kuna kodi ya kanisa, na serikali ndiyo inayoikusanya. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akanisihi kwa Kichaga nisilifikishe neno hilo Moshi.

Habari za nguzo, hata hivyo, alizifikisha mwenyewe, na sasa kamati ya ujenzi ya usharika wetu imegawanyika, nusu wakitaka mitende na nusu wakishikilia migomba. Msomaji mwenye rangi ya kijani iliyobaki na aipeleke kwa mhazini. Asiye na rangi alete kuku.