Mjomba Plagi Anajibu: Pikipiki Mpya Zenye Sura ya Babu

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa watu wanaotaka pikipiki iliyotoka kiwandani juzi lakini ionekane ya mwaka 1960. Nimezisoma nikiwa nimekalia kreti la soda mlangoni pa gereji, nikajibu zile ambazo wenyewe bado wana dalili za kupona.

*Mjomba Plagi, shikamoo. Nina miaka 43, mke mmoja, watoto watatu na hela ya pikipiki moja. Moyo umegawanyika kati ya Royal Enfield Classic 350 na Triumph Speed 400. Ya kwanza nikiiona namkumbuka babu. Ya pili nikiiona najisahau. Usiku nikifumba macho naziona zote mbili zimeegeshwa barazani. Mke wangu akiniuliza nawaza nini, namjibu ada za shule. Nisaidie. — Mwenye Mioyo Miwili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuelewane: babu yako hakuwa na Royal Enfield. Babu yako alikuwa na baiskeli ya Phoenix, na kwenye mlima aliisukuma kama wenzake wote. Unachokikumbuka ni picha ya kalenda iliyotundikwa sebuleni kwa mtu mwingine. Si dhambi. Pikipiki hizi zote zinauzwa kwa watu wanaokumbuka mambo ambayo hayakuwatokea.

Sasa tuzivue makoti tuone mbavu. Classic ina silinda moja, cc 349, nguvu za farasi 20, na uzito wa kilo 195. Rudia kusoma: farasi 20 wanabeba kilo 195, halafu unapanda wewe, halafu anapanda mama watoto na tenga la nyanya za Mgeta. Speed 400 ina cc 398, farasi karibu 40, na haifiki kilo 180. Ukitumia hesabu za darasa la nne, kesi imekwisha hapo.

Lakini pikipiki haiendeshwi kwenye daftari. Classic inatoa msukumo wake wote mapema, injini ikizunguka mara 4,000 hivi kwa dakika. Ile ya Triumph inakuja kutoa wake kwenye 6,500. Maana yake ni kwamba Classic inapanda kilima kama punda, haina haraka na haikati tamaa, wala haikudai ubadilishe gia kila dakika. Speed 400 inataka uiamshe na wewe uwe macho. Kwenye lami ya kwenda Dodoma, Classic ikikaribia kilomita 110 kwa saa itaanza kuhema, na nyuma yako kutakuwa na basi, na mabasi yetu unayajua.

Tuje kwenye nasaba, maana mtu haoi bila kuulizia ukoo. Royal Enfield ni Mwingereza wa Redditch, aliyetoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901. Mwaka 1955 akaanza kuunda pikipiki yake ya Bullet huko Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai. Huko Uingereza mzee akafariki mwaka 1970. Mtoto wa India hakupewa taarifa ya msiba, au alipewa akapuuza, akaendelea kuunda Bullet ile ile miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo uzee wa Classic una ushahidi, hata kama injini iliyomo sasa imechorwa juzi tu na inawaka kwa kidole.

Triumph naye ni Mwingereza, na Speed 400 imechorwa kwao Hinckley, lakini inaundwa na Bajaj, Chakan, jirani na Pune. Naam, Bajaj yule yule wa Boxer inayokupeleka stendi ya Msamvu. Ukiinunua, bodaboda wote wa Msamvu ni mashemeji zako. Ila usije ukadhani cheni au pistoni ya Boxer itaingia humo. Ushemeji una mipaka, na mle ndani kuna rejeta, kemshafti mbili na valvu nne ambazo shemeji hajawahi kuzifungua.

Kama unataka kufika, chukua Triumph. Kama unataka kuonwa ukielekea, chukua Classic. Wewe kwa mwandiko wako hujataka kufika popote tangu 2009, kwa hiyo chukua Classic. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, mwambie anayekuagizia aweke kwenye kasha lile lile kebo ya klachi, pedi za breki, chujio la hewa na lever zote mbili za usukani, kila kimoja mara mbili. Pikipiki itaanguka ikiwa imesimama, siku ya tatu, mbele ya watu. Zote huanguka hivyo, na kinachovunjika ni lever.

Na mkeo mwambie. Hakuna mwanamume aliyewahi kutabasamu usingizini kwa ajili ya ada za shule.

*Mjomba, salamu aleikum. Mimi ni fundi hapa Majengo, Mombasa. Mgeni mmoja aliyeshuka na Triumph Bonneville yake kwa njia ya barabara aliniletea niisafishe kabureta. Nikafungua. Umbo la kabureta lipo, kifuniko kipo, mpaka bakuli la chini lipo. Boya hamna! Jeti hamna! Nimeshika spana miaka 22. Je, nimerogwa? — Aliyeduwaa*

Wa aleikumu salaam. Hujarogwa, umetaniwa na Waingereza.

Bonneville ya kwanza ilitoka mwaka 1959, ikapewa jina la uwanda wa chumvi huko Utah, Marekani, ambako watu huenda kushindana na upepo. Kiwanda chake cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, jina likanunuliwa na mjenzi wa nyumba aitwaye John Bloor. Akakaa nalo kimya miaka kadhaa, kisha akaanza upya Hinckley, na Bonneville ikarudi barabarani mwaka 2001 ikiwa na kabureta za kweli, mbili, zenye boya na jeti kama Mungu alivyokusudia. Halafu sheria za moshi zikabana. Mwaka 2008 wakalazimika kuweka injekta, lakini wateja walikuwa wamezoea kuona kabureta zikining'inia kando ya injini. Wahandisi wakafanya nini? Wakazivisha injekta koti la kabureta. Koti hilo ndilo ulilolivua wewe.

Na hawakuishia hapo. Bonneville za kuanzia mwaka 2016 zinapozwa kwa maji, lakini silinda bado zina mapezi kama za kupozwa kwa upepo. Rejeta yenyewe imefanywa nyembamba ikabanwa kati ya mabomba ya fremu kule mbele, kama mtu anayejificha nyuma ya mnazi.

Wapo wanaokasirika wakigundua. Mimi sikasiriki. Msikiti mpya ukijengwa na mnara wa mtindo wa kale, hakuna anayekwenda kulalamika kwamba muadhini anatumia spika.

Usichokonoe chochote humo ndani kwa waya wa spoki. Najua unao, uko mfuko wa shati. Rudisha kifuniko kama ulivyokikuta, kisha tazama chujio la hewa, plagi na betri, maana injekta yenye betri mbovu ni maiti iliyovaa suti. Ukiona bado inakohoa, itafutiwe mtu mwenye kifaa cha kusoma kompyuta yake. Hela yako ya kuifungua dai yote. Kugundua kwamba kitu hakipo nako ni kazi.

*Mjomba, baba aliniachia Vespa ya zamani. Nataka kuiuza ili niongezee ninunue Vespa mpya yenye umbo lile lile. Wasemaje? — Mrithi, Ng'ambo, Unguja*

Yaani unauza asili ukanunue nakala yake? Kawaeleze shangazi zako, mimi sitaki lawama. Vespa mpya haikutaki uchague gia kwa kukunja mkono wa kushoto, haikutaki uchanganye oili na petroli, wala haichafui shati lako jeupe la Ijumaa. Hizo zote ndizo shida alizokuwa nazo marehemu baba yako, na hukumsikia hata siku moja akitaja kuiuza.

*Mambo Mjomba! Mimi mtoto wa Tanga, niko Leicester, miaka 21, leseni yangu ni A2. Nimebakiza tatu: Royal Enfield Interceptor 650, Kawasaki W800 na Moto Guzzi V7. Mama anataka ninunue gari. — Kijana wa Ngamiani, Ughaibuni*

Poa, mwanangu, ingawa kwetu Tanga mjomba huamkiwa. Leseni yako inakomea kilowati 35. Interceptor ina silinda mbili, cc 648 na farasi 47, na ukibadilisha farasi hao kuwa kilowati unapata 35. Hiyo si bahati. Huyo fundi cherehani alikata kitambaa huku sheria ya Ulaya iko mezani.

W800 mimi naipenda kwa sababu moja isiyo na faida yoyote. Upande wa kulia wa silinda kuna bomba la kromu lililosimama wima, na ndani yake mhimili unaozungusha kemshafti kwa meno ya pembe. Cheni ndogo ya ndani ingefanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu, na hakuna ambaye angejua. Waliamua tu iwe nzuri. Na ukoo wake ni kichekesho: inatokana na W1 ya mwaka 1966, nayo ilitokana na Meguro, kampuni ya Japani iliyokuwa imemtazama sana BSA wa Uingereza. Mjapani akamwiga Mwingereza, leo wewe uko Uingereza unataka kumnunulia Mjapani sura ya Mwingereza.

Guzzi ni Mwitaliano na ana tabia zake. Silinda zake mbili zimechomoza huku na huku kama viwiko vya mtu aliyeshika kiuno. Ukiwa umesimama kwenye taa ukavuta mafuta, pikipiki nzima inajitingisha kwenda kulia, kama mama mkwe anayekurekebisha kwa bega. Utazoea. Faida yake ni kwamba haina cheni, inazungusha gurudumu kwa shafti, na hilo kwako ni kubwa, kwa kuwa huko majira ya baridi barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu. Wewe umekulia baharini, chumvi na chuma hukuhitaji kufundishwa. Ubaya ni kwamba V7 ya cc 853 ina farasi 65 au zaidi, hivyo itabidi ipunguzwe nguvu kihalali na upewe karatasi ya kuonyesha, la sivyo bima yako ni hewa.

Ningekuwa wewe ningechukua Interceptor. Ni rahisi kuliko hizo mbili, haihitaji kukatwa chochote, na nguvu zake unazipata zote. Ioshe kila ukirudi kwenye chumvi, hata saa nne za usiku, hata kama vidole vimekufa ganzi, na cheni uipake mafuta ingali ina joto. Siku utakayojiambia utaosha kesho ndiyo kutu inaingia kwenye spoki. Na mama mpigie. Anachotaka si gari, anataka usilowe.

*Mjomba Plagi, shikamoo. Mimi ndiye ada za shule. Nilikuwa nafua, nikakuta mfukoni nakala ya barua aliyokuandikia mume wangu kutoka hapa Morogoro. Hakungoja jibu lako: Classic ilishaagizwa, na juzi imefika. Ilikuja na wavu wa chuma ubavuni kushoto, pembeni ya gurudumu la nyuma. Ameufungua akautia uvunguni, eti unaharibu sura ya zamani. Jumapili anataka anipakie twende kanisani nimevaa kitenge cha sare. Nipande? — Mke wa Mwenye Mioyo Miwili*

Marahaba, mama. Barua yako imefika ukurasa ukiwa unaelekea mtamboni, nikawazuia watu wa mtambo kwa mkono.

Usipande. Wavu huo si pambo. Pikipiki za kuuzwa India hufungwa kitu hicho kwa sababu ya wanawake wanaovaa sari na kukaa upande, miguu yote kushoto, kama mnavyokaa ninyi. Upande huo huo wa Classic ndiko iliko cheni. Pindo la sari, la kitenge, la dera au la baibui likipeperuka kidogo tu, spoki zinalidaka, gurudumu linalizungusha, na anayevutwa kufuata kitambaa ni aliyekivaa. Halihitaji mwendo mkali. Hata mwendo wa kwenye tuta la mbele ya shule unatosha.

Na kuhusu sura ya zamani, mwambie mimi nimesema hivi: kwenye picha za India za miaka hiyo anayoipenda, nyuma ya Bullet kuna mama amekaa upande na sari yake. Huyo mama ndiye aliyewafanya wabuni wavu. Akitaka uzamani kamili, aanze na huo.

Autoe uvunguni leo. Aufunge kwa boliti zake, kwa spana, wewe ukiwa umesimama hapo, asikufungie kwa waya. Kile chuma cha kushikia pembeni ya kiti pia kitikise uone kama bado kimekaza, maana mtu akishaanza kupunguza vitu kwa ajili ya sura hajui pa kuishia. Kunja kitenge ukalie pindo lake. Mkitoka kanisani Jumapili msirudi nyumbani moja kwa moja. Mwambie Jumatatu asubuhi akupakie tena, mpite shuleni, na risiti ya ada uibebe wewe.