Namba Nzuri Kutoka Jicho la Kondoo: Mwongozo kwa Mtafiti wa Olkaria

Anza na sababu ya utafiti, na sababu Bonde la Ufa zimejaa tele. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham walichapisha habari za ugonjwa uliofyeka wanakondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, si mbali na vilima vya Olkaria. Ndiyo homa ya Bonde la Ufa. Wengi wanaoambukizwa huumwa siku chache na kupona, lakini asilimia 0.5 hadi 2 ya wagonjwa huugua macho: vidonda kwenye retina, wiki 1 hadi 3 baada ya dalili za kwanza. Vidonda vikiangukia pale katikati penye uoni mkali, nusu ya wagonjwa hao hubaki na kasoro maisha yao yote. Mlipuko wa 2006 na 2007 ulihesabiwa Kenya kwa wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa. Virusi, jicho, kondoo, na jina la mahali ambalo mfadhili atalipata kwenye ramani bila kusumbuka: unangoja nini?

Andika basi kwamba utapima rodopsini, protini ya retina inayonasa mwanga, kwenye macho na damu ya kondoo. Retina ikiumia, protini yake humwagika, nawe utaikuta kwenye damu. Wazo zuri sana. Usiliharibu kwa kulijaribu kabla pesa hazijaingia.

Sasa agiza boksi la elisa, kipimo kinachonasa protini kwa kingamwili na kuionyesha kwa rangi. Njia yenyewe haina ubaya. Engvall na Perlmann waliitangaza Stockholm mwaka 1971, na humu humu nchini imefanya kazi ya heshima ya kutafuta kingamwili za homa hii kwa mifugo na kwa watu. Wewe lakini hutafuti kingamwili za virusi. Unatafuta protini ambayo huenda hakuna aliyewahi kuitafuta kwenye damu ya kondoo wa Naivasha, kwa hiyo fungua katalogi. Humo utakuta rodopsini ya binadamu, ya panya, ya nguruwe, ya kuku, na ya kondoo pia, zote kwa bei moja, zote zikiwa na picha ya boksi lile lile. Chagua lenye orodha ndefu zaidi ya sampuli: seramu, plazma, mkojo, mate, machozi, nyama iliyosagwa, na vimiminika vinginevyo. Rodopsini hukaa imezamishwa ndani ya utando wa seli, imeupenya mara 7 kama uzi kwenye pindo, na haitoki humo mpaka ilegezwe kwa sabuni maalumu. Karatasi ya maelekezo haitaji sabuni yoyote. Nawe usiulize. Ukimwuliza muuzaji kingamwili yake imetengenezwa dhidi ya kipande gani cha protini, atakujibu kwa adabu kwamba hiyo ni siri ya biashara, na adabu ya namna hiyo ikishaanza haina mwisho.

Chini kabisa, kwa herufi za kusomea na miwani, pameandikwa kwamba vifaa hivi ni vya utafiti tu, si vya kuchunguza wagonjwa. Maana yake, namba ikikosea, kosa si la boksi. Ulikuwa unafanya utafiti.

Boksi linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani mpaka mkononi mwako. Lipangie kutua Nairobi Ijumaa jioni, wikendi ndefu ya Jamhuri ikiwa mlangoni, ili lipate nafasi ya kupumzika. Likishatoka, lipakie kwenye matatu ya Naivasha, chini ya kiti, karibu na injini. Litelemke Mai Mahiu na abiria wenzake mpaka Naivasha, kisha lipande bodaboda kufuata Moi South Lake Road, kupita mashamba ya maua, mpaka kwenye vilima vyenye mvuke na harufu ya mayai viza. Barafu ikiwa imekwisha kuwa maji, mwaga maji. Kwenye daftari andika "limepokelewa likiwa baridi". Olkaria asubuhi kila kitu ni baridi.

Lisukume frijini ulisahau. Kuishi jirani na mitambo ya mvuke inayozalisha umeme wa taifa hakulisaidii friji lako hata chembe, kwa sababu umeme huo hupanda kwenye gridi kwanza, na kitakachokurudia ni riziki yako. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani, na mafriji ya Bonde la Ufa yalipoa moyo pamoja na mengine yote.

Macho utayapata buchani, na hapa ndipo utafiti unapokutana na supu.

"Daktari, unataka macho peke yake?" mwenye bucha atakuuliza, kisu kikiwa kimesimama hewani. "Kichwa kimeshaagizwa na wazee."

"Peke yake, mzee wangu."

"Sasa wazee nitawaambia nini? Kichwa kisicho na macho ni kichwa?"

Utalipa bei ya kichwa kizima na kuondoka na macho mawili ndani ya karatasi. Kejeli ikae kando kidogo hapa: kama kuna fununu ya mlipuko, usiguse kitu bila glavu na kinga ya uso, kwani kuchinja na kushika damu ya mnyama mgonjwa ni mojawapo ya njia kuu za watu kuambukizwa homa hii. Baada ya hapo tuendelee kucheka.

Siku ya kupima, toa ile sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Maelekezo yanataka joto la chumba, yaani nyuzi 18 hadi 25, na chumba chako saa moja asubuhi hakijawahi kusikia habari hizo. Tia sampuli, ngoja, osha, tia kingamwili yenye kimeng'enya, ngoja, osha tena, tia kimiminika cha kuleta rangi. Maji ya kuoshea yakiwa na sodiamu azaidi, ile dawa ya kuzuia bakteria, kimeng'enya kitakufa na sahani itabaki nyeupe pe. Hilo likitokea utalazimika kufikiri, kwa hiyo liepuke. Mambo yakienda sawa, vishimo vitageuka buluu mbele ya macho yako. Ukidondosha asidi vitakuwa njano ya ndizi mbivu, na mashine itaisoma njano hiyo kwenye nanomita 450. Rangi itapelekwa kwenye mchoro wa viwango, na kutoka huko itarudi namba yenye desimali tatu.

Namba lazima itoke. Mashine husoma njano. Haijui njano hiyo imeletwa na nani. Chochote kitakachobaki kimeishika kingamwili yenye kimeng'enya baada ya kuoshwa kitahesabiwa kuwa rodopsini.

Toronto wanalijua hili kuliko wangependa. Prassas, Diamandis na wenzao walikuwa wakitumia elisa ya kununua kupima CUZD1, wakiitumaini kuwa alama ya saratani ya kongosho. Boksi lile lilikuwa likipima CA125, protini nyingine kabisa. Diamandis alisema baadaye kwamba walipoteza miaka 2, dola 500,000 na maelfu ya sampuli kabla ya kugundua. Walichapisha kosa lao mwaka 2014, jambo la aibu ambalo mwongozo huu haulipendekezi.

Kuna vipimo vya kuepukwa kama deni. Usitie kiasi unachokijua cha protini kwenye seramu ya kondoo ili uone kama boksi litakurudishia kiasi hicho. Usizimue sampuli mara mbili kutazama kama namba nayo itashuka nusu. Na juu ya yote, usithubutu kupima ini. Ini la kondoo halina kazi na rodopsini, na homa hii hulishambulia ini kwanza, kwa hiyo vipande vyake hutavikosa. Boksi likiikuta rodopsini tele mle, itabidi uandike kwamba kondoo wa Naivasha huonea ini.

Usile chakula cha mchana na wahandisi wa mvuke pia. Watu hao wana tabia mbaya ya kutoamini ardhi. Uchimbaji wa Olkaria ulianza 1956, visima viwili vya mwanzo havikutoa mvuke wa maana, na umeme wa kwanza ukaja 1981. Hadi leo kisima hufunguliwa kikanguruma, kikapimwa nguvu na kemia yake, ndipo kitegemewe. Ukimwonyesha mmoja wao karatasi ya boksi lako, atauliza: "Nani amekipima hiki?" Sema una mkutano.

Andika makala. Chora vijiti vyenye rangi, weka nyota tatu juu ya kile kirefu. Mhakiki akiuliza juu ya ini, mjibu kwamba boksi limekwisha, ambayo ni kweli, na kwamba toleo jipya limefika likiwa na mchoro wa viwango usiofanana na ule wa kwanza, ambayo nayo ni kweli. Kisha omba ufadhili wa awamu ya pili, na safari hii weka bei ya vichwa kwenye bajeti.